Rivolva ya mzee: isome kwanza, kuisafisha baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama rivolva ya Webley (bastola ya Kiingereza yenye silinda inayozunguka) aliyoiacha marehemu babu yako ni ya asili, na kama umpe fundi aing'arishe kabla hujaitafutia bei. Nakusihi usimpe fundi yeyote kwa sasa. Anza polisi, kwa kuwa Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka kila mwenye silaha awe na cheti, na cheti cha marehemu si chako. Hilo likishatengenezwa, mhakikishe pamoja na mtu mzoefu kwamba matundu yote sita ya silinda, yanamokaa risasi, ni matupu, ndipo muikague.

Mjomba wangu aliachiwa Webley ya toleo la Mark VI na mwajiri wake, aliyekuwa na shamba la chai karibu na Fort Portal. Mjomba alipofariki, sisi vijana tulidhani kuipendezesha ni kumheshimu. Fundi mmoja aliipiga msasa, akaipaka rangi mpya nyeusi, nayo ikarudi inang'aa kama sufuria ya arusi. Nyuma ya mpini kulikuwa na herufi na tarakimu ndogo zilizogongwa, ambazo mjomba alizoea kutuonyesha akisema kwamba ndizo alama za kikosi kilichoitumia kwanza. Hatukuwa tumezinakili. Msasa ulizila zote, na hadi leo naumia nikikumbuka, maana hakuna karatasi nyingine iliyoeleza silaha ile ilipita mikononi mwa nani.

Kwa hiyo soma maandishi kwanza, kwa kioo cha kukuzia na mwanga wa dirishani. Mark VI ilipokelewa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, ikiwa na mtutu wa inchi 6 na mpini wa pembe za mraba. Ukikuta mpini uliopinda kama kichwa cha ndege, basi una toleo la awali. Zile za wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia zina jina la Webley, toleo na mwaka upande wa kushoto wa fremu, yaani mwili wa silaha. Kiwanda cha serikali cha Enfield nacho kilitengeneza Mark VI kati ya 1921 na 1926, hivyo usishtuke ukikosa jina la Webley. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali, na mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha huonyesha kwamba silaha iliuzwa nje ya jeshi kihalali. Kisha linganisha namba ya fremu na ya silinda. Zikitofautiana, silinda ilibadilishwa, na thamani kwa wakusanyaji hushuka, ingawa huenda ubadilishaji huo ulifanywa jeshini kwenyewe.

Uso wa nyuma wa silinda utazame kwa makini zaidi. Rivolva nyingi za aina hii zilizouzwa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikwanguliwa hapo ili zikubali risasi za .45 (kipenyo kwa inchi) za bastola ya Colt badala ya .455 zake za asili. Utaona nafasi kubwa isiyo ya kawaida kati ya silinda na ukuta wa fremu. Huo si upungufu wa uasili pekee: risasi hizo zina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo silinda ile iliundwa kulihimili.

Rangi ya kiwandani huchakaa kwa mpangilio unaoeleweka. Hufifia kwenye mdomo wa mtutu na kwenye kingo, pale inaposuguana na mfuko wa ngozi, huku mabondeni ikibaki nzito. Ukiona rangi imelingana kila mahali, kingo za herufi zimelainika, matundu ya skrubu yamebonyea kama visahani, au rangi imepakwa juu ya vishimo vya kutu, hiyo imepakwa upya. Skrubu zilizochanika mifuo yake zinakuambia kwamba kuna aliyeifungua kwa bisibisi isiyolingana nazo.

Ndani ya mtutu usitarajie mng'ao wa kioo. Viwashio vya risasi za zamani viliacha chumvi inayovuta unyevu, na kwa hewa yetu ya karibu na ziwa, mtutu ambao haukuoshwa hupata vishimo upesi. Muhimu ni kwamba mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, ionekane waziwazi hadi mdomoni.

Kwa utunzaji, mafuta mepesi ya mashine na kitambaa laini vinatosha, na uitoe kwenye mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma. Ukipiga picha za upande wa kushoto wa fremu, nyuma ya mpini na uso wa nyuma wa silinda, ziweke hapa tuzisome pamoja, lakini ziba tarakimu za mwisho za namba yake.