Hofu ya mgonjwa ina asili yake

Swali lenu la wiki hii, "Historia ya magonjwa ya akili inamsaidia nini mgonjwa wa leo?", nimekuwa nikiulizwa kwa namna nyingine kazini. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili.

Tulikuwa na mzee mmoja mwenye sonona kali. Chakula kilikuwa hakipiti tena, na dawa zilishindwa kumwinua. Daktari alipotaja tiba ya umeme, yaani kupitisha umeme kichwani ili mwili upate degedege fupi, mzee alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Mwenzangu, bado kijana, akaninong'oneza: "Hajui tu." Sikukubaliana naye. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tiba hiyo iliwahi kuuma kwelikweli. Madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoianza Roma mwaka 1938, mgonjwa alipigwa umeme bila nusukaputi na bila dawa ya kulegeza misuli. Mwili ulitikisika kwa nguvu hata wengine wakavunjika mifupa, ikiwemo ya uti wa mgongo. Zipo hospitali zilizoigeuza kuwa adhabu kwa wagonjwa wasumbufu. Leo mgonjwa hulazwa usingizi kwanza na misuli hulegezwa, na tiba hii imewaokoa watu wengi. Lakini nitamwelezaje mtu kwamba mambo yamebadilika, ikiwa mwenyewe sijui yalikuwaje?

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni ule uhakika waliokuwa nao wataalamu. Egas Moniz wa Ureno alianza mwaka 1935 kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kutuliza wagonjwa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Katikati ya miaka hiyo, 1941, Rosemary Kennedy, dada wa John F. Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa aina hiyo akiwa na miaka 23. Aliyeridhia ni baba yake. Rosemary alipoteza uwezo wa kutembea na kuzungumza vizuri, akaishi akitunzwa na wengine hadi alipofariki mwaka 2005. (Na tusisahau kwamba mwaka 1851 daktari Mmarekani, Samuel Cartwright, aliandika kuwa mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akaupa na jina.)

Si mabaya matupu. Mwaka 1954, kule Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alipanga wagonjwa waishi vijijini pamoja na ndugu zao, huku wakienda hospitali kutibiwa. Kila nikiona ndugu wanazuiwa mlangoni kwa sababu saa ya kuona wagonjwa imepita, namkumbuka.

Yule mzee nilikaa naye mchana mzima. Nikamsimulia yote, pamoja na mifupa iliyovunjika. Alisikiliza, kisha akauliza kitu kimoja: "Wale wa zamani, waliulizwa?" Nikamwambia wengi wao hawakuulizwa. Akaomba miwani yake, akaisoma fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, halafu akasema anataka siku mbili za kufikiri. Daktari akampa.