Maswali ya Wasomaji: Dawa ya Dobi na Maji ya Kisima

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Nyumba yetu ipo Jang'ombe, na kisima chetu ndicho kinachotuokoa sisi na majirani kila mabomba yanapokauka. Mwaka jana, hatua kama 30 kutoka kisimani, palifunguliwa duka la dobi lenye mashine ya kusafisha suti na majoho bila ya maji. Kijana wa dukani humwaga masalio ya mashine hiyo katika karo lililo nyuma ya duka. Mume wangu amesoma kwamba dawa ya namna hiyo huharibu maji ya kunywa, lakini mama mkwe wangu anasema tuyachemshe tu, na kwamba maji meupe yasiyo na harufu hayana neno. Nani tumsikilize? (Mama Salma)

JIBU: Wa alaykum salaam, Mama Salma. Mumeo ana haki ya kuwa na hofu, ila kwanza ijulikane ni dawa gani. Si kila duka lenye bango la draiklini hutumia dawa ya kuogopwa. Wapo wanaofua kwa maji na sabuni kisha wakapiga pasi, na wapo wanaotumia viyeyushi vya jamii ya petroli. Inayosumbua zaidi maji ya ardhini ni perikloroethilini. Ombeni kwa upole kuliona pipa: namba ya kimataifa ya kuisafirisha dawa hiyo ni 1897, na mwenye kuijua namba hahitaji kujua kemia.

Mafuta ya taa yakiingia kisimani huelea, na utayaona yakimeta juu ya maji. Perikloroethilini, ambayo lita yake moja ina uzito wa kilo 1.6 hivi, huzama, ikapenya nyufa hadi ikute tabaka isiyopitisha kitu, ikatulia hapo na kuyeyuka kidogo kidogo katika maji yanayopita, kwa miaka mingi. Unguja tunakunywa maji ya ardhini, na sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu na mapango. Anayelima maweni anajua jinsi mvua ya masika inavyomezwa papo hapo. Kinachomwagwa katika karo juu ya mawe kama hayo hakina safari ndefu. Tena kiasi kidogo kinatosha. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na Shirika la Afya Duniani limependekeza 100. Ukifuata kikomo cha Marekani, lita moja tu ya dawa inaweza kuharibu maji zaidi ya lita 300,000,000, yaani matangi 300,000 ya lita 1,000.

Kwa heshima zote kwa mama yetu, pua si kipimo hapa, kwani huanza kuinusa dawa hii majini baada ya vikomo vyote viwili kupitwa. Kuchemsha ni desturi njema, na visiwa vilivyokwisha kuonja kipindupindu visiiache. Lakini moto huua vijidudu, na dawa hii si kijidudu. Hupanda pamoja na mvuke, na anayechemsha ndani ya jiko lililofungwa huivuta puani. Vidonge vya klorini haviiondoi, wala mkaa wa jikoni haushiki nafasi ya mkaa maalumu wa vichujio.

Mfano ujulikanao sana ni wa kambi ya kijeshi ya Camp Lejeune, Marekani. Nje ya kambi palikuwa na dobi aliyeanza kazi mwaka 1953, na dawa kutoka katika karo lake iliingia katika visima vilivyokuwa vikihudumia nyumba za familia za askari. Visima vilivyochafuka vilifungwa mwaka 1985. Kwa miaka yote hiyo watu walikunywa, wakapika na kuoga.

Kikombe kimoja hakimwangushi mtu. Madhara huja kwa kuitumia muda mrefu: ini, figo na mishipa ya fahamu huathirika, na wataalamu wa kimataifa wa saratani wameiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha ugonjwa huo.

Ikiwa dawa ni hiyo, acheni kuyanywa na kuyapikia maji ya kisima hadi yapimwe, na muwaambie majirani wanaochota hapo. Nendeni Mamlaka ya Maji au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, mkiitaja perikloroethilini kwa jina, kwa sababu kipimo cha kawaida cha vijidudu na chumvi hakiwezi kuionyesha. Sampuli itiwe katika chupa ya kioo iliyojaa hadi mdomoni bila ya povu la hewa, ifunikwe vizuri na kuwekwa katika barafu, la sivyo dawa itaruka na majibu yatawadanganya. Suala la karo lifikisheni kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, kwani masalio hayo hupaswa kuwekwa katika pipa lililozibwa, si kumwagwa. Na yule kijana msimfanye adui. Huenda hakuna aliyemweleza anachokimwaga, naye ndiye anayeivuta hewa yake kutwa nzima.