Kwa nini mkono hujivuta kwenye moto kabla ya kusikia maumivu?

SWALI: Mimi ni mpishi. Nikigusa sufuria ya moto kwa bahati mbaya, mkono hujivuta wenyewe kabla sijasikia maumivu, kisha maumivu huja mara mbili: kwanza mchomo mkali, halafu mwako unaokaa. Mwenzangu mwenye kisukari hushika vifuniko vya moto bila kujua, mpaka aone lengelenge. Kwa nini mkono wake haujivuti kama wangu?

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoyaona ni sahihi, na jibu lake linaanzia kwenye ngozi ya kidole chako. Humo mna ncha za neva zenye protini iitwayo TRPV1, ambayo hufunguka joto likifika kiasi cha nyuzi 43 za Selsiasi na kuruhusu chembe zenye chaji ya umeme kuingia ndani ya neva. Protini hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1997 na David Julius na wenzake huko Marekani, ndiyo inayoamshwa pia na pilipili, na ndiyo maana pilipili huwasha kama moto ingawa haina joto lolote. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Kutoka kidoleni, taarifa husafiri kwa nyuzi za neva za aina mbili. Zile zenye ala nyembamba ya mafuta huipeleka kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na hizo ndizo zinazoleta mchomo wa kwanza. Nyingine hazina ala hiyo, na kasi yake ni kama mita 1 tu kwa sekunde. Kwa kuwa njia ya kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo inakaribia mita 1, mwako wa pili huchelewa karibu sekunde nzima.

Kujivuta kwa mkono hakusubiri ubongo. Taarifa ikishaingia kwenye uti wa mgongo, seli za humo huamuru msuli wa mbele ya mkono wa juu ukaze na ule wa nyuma ulegee, hivyo kiwiko hukunjika huku taarifa ileile ikiendelea kupanda kuelekea ubongoni, ambako ndiko maumivu hutambuliwa.

Sasa tuje kwa mwenzako. Wengi hudhani kwamba kujivuta huko ni kinga inayojitegemea, itakayobaki hata hisia zikipotea. Sivyo. Kitendo hicho na maumivu yenyewe hutegemea nyuzi zilezile za kidoleni, na sukari iliyokaa juu kwa miaka huziharibu pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Nyuzi zikifa, uti wa mgongo haupati habari yoyote ya moto, kwa hiyo hauna cha kuamuru.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni miguu yake. Kwa kawaida kisukari huanza kudhuru neva zilizo ndefu kuliko zote, yaani zinazofika vidole vya miguu, kabla ya zile za mikono. Mtu aliyefikia hatua ya kutosikia moto vidoleni huenda nyayo zake zilikwisha kufa ganzi zamani. Mshauri aende kliniki ya kisukari akapimwe hisia za miguu, akague nyayo kila siku kwa kutumia kioo, asitembee pekupeku, na jikoni ashike kila chombo kwa kitambaa kikavu na kinene, hata kile anachodhani kimepoa. Akiungua, apoze jeraha kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, asipake dawa ya meno wala mafuta, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama haumwi.