Umeweka ngao mbele, mbona bado wanakupiga?

Juzi usiku kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Seva yangu inapigwa tangu Ijumaa. Nimeweka proksi mbele kama wanavyoshauri, lakini bado naangushwa. Nimekosea wapi?"

Proksi ni seva ya mlinzi inayosimama mbele ya yako, ikipokea wageni kwa niaba yake. Niliusoma ujumbe mara mbili, nikaweka simu chini. Maneno hayohayo niliyasema mimi, Desemba ya mwaka juzi, saa nane za usiku, nimekaa sakafuni sebuleni kwangu Kimara na kompyuta mapajani. Kijana nimemjibu kwa ufupi. Hapa najibu kwa urefu, kwa sababu najua mko wengi: mmekodi seva moja kwenye wingu, mmejenga kitu ambacho watu wanakitumia kweli, na sasa kuna mtu anataka kukizima kwa kuimwagia seva yako mafuriko ya trafiki ya uongo. Shambulio la namna hiyo huitwa DDoS.

Sisi tulikuwa tunauza tiketi za mabasi. Aliyewahi kufika Stendi ya Magufuli pale Mbezi wiki ya mwisho kabla ya Krismasi anajua hali ilivyo: Moshi, Arusha, Mbeya, kila mtu anarudi kwao, na kiti kinatafutwa kama maji ya Ramadhani. Wiki mbili hizo ndizo zilizokuwa zinatulisha miezi iliyobaki.

Jioni ya tarehe 19 mfumo ukaanza kukokota miguu. Nikafurahi, nikidhani wateja wamefurika. Nikaongeza nguvu ya mashine, mara ya kwanza, mara ya pili. Ukurasa ulifunguka kwa dakika kumi, ukafa tena. Ndipo nikaorodhesha miunganisho iliyokuwa wazi, nikakuta maelfu yamekwama katika hali ya SYN-RECV. Mteja wa kawaida anabisha hodi, seva inaitika karibu, naye anaingia. Hawa walibisha hodi wakapotea, na seva ikabaki imeshika mlango ikiwangoja, mpaka ikakosa mkono wa kumfungulia abiria wa kweli. Kinga iitwayo SYN cookies, inayoifanya seva isishike mlango mpaka mgeni athibitike, ilisaidia kwa muda. Kisha wakabadili mbinu, wakaanza kumwaga trafiki ya UDP, ile inayotumwa bila kubisha hodi kwanza, na hapo hakuna mpangilio wowote ndani ya mashine utakaokuokoa, kwa sababu bomba limeshajaa kabla pakiti, vile vipande vya data, hazijakufikia.

Saa nne usiku kampuni tuliyokodi kwake ikaifungia anwani yetu ya IP, namba inayoitambulisha seva kwenye intaneti. Kila pakiti iliyokuja, ya mwizi na ya abiria, ikawa inatupwa njiani. Walituarifu kwa barua pepe ya mistari mitatu. Leo naelewa kwamba walikuwa wanawakinga majirani zetu waliokaa kwenye mtambo uleule, lakini usiku ule niliumia, na sitasema kwamba uchungu umekwisha.

Usiku huohuo nikahamishia domeini yetu, yaani jina la tovuti, Cloudflare, kampuni inayotoa proksi. Kinga yao dhidi ya DDoS haina kikomo wala nyongeza ya malipo kwa ukubwa wa shambulio tangu 2017, hata kwa mteja asiyelipa, na kwa mtu wa hali yetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Nikapumua. Kampuni ilipoiachia anwani yetu kesho yake, tukasimama kwa muda mfupi tu, tukaanguka tena.

Kosa langu lilikuwa hapo, na ndilo kosa la kijana wa Mwanza. Niliweka mlinzi getini, lakini washambuliaji walikuwa tayari wanaijua nyumba, kwa hiyo hawakupita getini. Walikuwa na anwani ya seva yenyewe na wakaendelea kuipiga moja kwa moja.

Waliipata wapi? Kwanza, kumbukumbu za zamani za DNS, daftari linalounganisha jina la tovuti na anwani ya seva, huhifadhiwa na tovuti nyingi, na yeyote anaweza kuangalia domeini yako ilielekea wapi mwaka jana. Pili, tulikuwa na subdomeini ya barua, jina dogo chini ya domeini yetu, iliyoelekea palepale bila kupita kwenye proksi. Ya tatu ndiyo iliyonichoma zaidi. Barua pepe za kuthibitisha tiketi zilitoka kwenye seva ileile, na kila barua ilibeba anwani yake halisi katika ile sehemu ya juu isiyoonekana mpaka ufungue chanzo cha barua. Kila abiria aliyenunua tiketi nilimkabidhi mimi mwenyewe ramani ya nyumba yangu.

Basi badilisha anwani, utasema. Sikuweza. Kampuni inayotuunganisha na malipo ya simu ilikuwa inatuma taarifa za malipo kwenye anwani ileile ya IP, iliyoandikwa kwenye fomu, ikasainiwa na kugongwa muhuri. Kuibadilisha kulihitaji barua rasmi, na wenye kuipokea walikuwa wameanza likizo. Siku tatu vijana wetu waliandika tiketi kwa mkono pale kaunta. Kiti kimoja kiliuzwa kwa watu wawili, mama mmoja na watoto wake wakalala stendi. Mwenye mabasi aliyekuwa mteja wetu mkubwa aliniita ofisini kwake Januari. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, mimi nauza safari, siuzi kompyuta." Akaondoka na mabasi yake yote.

Kwa hiyo nikikwambia ficha anwani yako, nakwambia kwa gharama niliyolipa. Weka proksi kabla ya siku ya kwanza ya biashara. Kama umechelewa, iweke leo, kisha omba anwani mpya ya IP, maana ile ya zamani imeshajulikana na haitasahauliwa. Halafu kwenye faiawoli (kichujio cha trafiki) ya mwenye wingu, si ile iliyo ndani ya mashine yako, ruhusu anwani za proksi peke yake. Cloudflare wanatangaza orodha yao hadharani. Barua pepe zitume kupitia huduma nyingine kabisa. Malipo yape mlango wao wenyewe, anwani ya pili isiyotajwa kwenye DNS, inayopokea kampuni ya malipo tu. Na ukishaficha, usiifichue tena kwa subdomeini ya majaribio uliyoisahau.

Kuna wanaoniambia kwamba wingu lina kinga yake ya bure. Ni kweli. AWS, wingu la Amazon, humpa kila mteja kinga ya Shield Standard bila malipo, na Azure, wingu la Microsoft, nayo ina kinga ya msingi. Lakini kinga ya msingi ya Azure imepimwa kwa ukubwa wa mtambo wao, na kiwango chake cha kushtuka kiko juu kuliko programu nyingi zinavyoweza kustahimili. Duka lako dogo linaweza kuzama na kengele yao isilie. Kinga inayopimwa kwa trafiki yako wewe hulipiwa: Azure wametangaza dola 199 kwa mwezi kwa anwani moja, na Shield Advanced ya AWS ni dola 3,000 kwa mwezi na mkataba wa mwaka mzima. Piga hesabu hiyo kwa shilingi, uone kwa nini naking'ang'ania hiki cha kuficha anwani.

Jambo jingine sijaona likiandikwa na wa huko ng'ambo. Wanashauri uwekee kila anwani kikomo cha maombi kwa dakika. Nilifanya hivyo nikawafungia nje wateja halali, kwa sababu mitandao yetu ya simu huwapitisha watu wengi nyuma ya anwani moja. Kwako anaonekana mtu mmoja mwenye fujo, kumbe ni mtaa mzima wa Kariakoo unatafuta basi. Hesabu kwa kikao cha kila mtumiaji kwenye mfumo au kwa namba ya simu iliyothibitishwa.

Tena msijidanganye kwamba nyinyi ni wadogo, nani atawapiga. Julai 2023 eCitizen ya Kenya, mlango wa maelfu ya huduma za serikali, ilitikiswa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili Wasudani kwa mashambulio ya kundi hilo. Walioshtakiwa ni watu wawili tu; kumpiga mtu hakuhitaji umati. Na silaha zenyewe nyingine tunawapa sisi. Mirai, programu hasidi iliyotikisa dunia 2016, ilijenga jeshi lake kwa kamera na ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani. Kamera iliyo juu ya kaunta yako sasa hivi, nywila yake umeibadilisha? Unalalamika kupigwa huku kifaa chako kinampiga mwenzako. Badilisheni, jamani.

Desemba iliyopita walirudi. Niliona grafu ikipanda usiku wa tarehe 21, nikakaa palepale sakafuni nikingoja. Tiketi ziliendelea kutoka mpaka asubuhi, na sikugusa kitu.

Kijana wa Mwanza amenijibu leo alfajiri. Alijitumia barua ya majaribio kutoka kwenye mfumo wake, akafungua chanzo chake, akaikuta anwani ya seva yake mstari wa nne. Ameshaomba mpya.