Luteni Kanali si Luteni

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu ya uemsii (kuongoza sherehe), hapa Bombo, Uganda, niliharibu harusi kwa neno moja. Nilipewa kikaratasi cha wageni wa heshima, wa kwanza kaandikwa "Lt. Kan.", yaani Luteni Kanali. Nikamkaribisha kwa kipaza sauti: "Luteni!" Meza ya mbele ikanyamaza. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi akanivuta kando: "Mwanangu, umemshusha mtu ngazi tatu mbele ya wakwe zake."

Bombo ni mji wa kambi. Harusi isiyo na afisa ni nadra. Ikabidi nijifunze.

Maafisa waandamizi huanzia Meja. Juu yake Luteni Kanali, kisha Kanali, halafu Brigedia (magazetini siku hizi huandikwa Brigedia Jenerali), Meja Jenerali, Luteni Jenerali, na Jenerali. Marubani wa jeshi la anga kule Entebbe nao hutumia vyeo hivi hivi. Unapomwita mtu, shika neno zito: Luteni Kanali ni "Kanali", Meja Jenerali ni "Jenerali".

Panaponasa wengi ni hapa: Meja ni mkubwa kwa Luteni, lakini Luteni Jenerali ni mkubwa kwa Meja Jenerali. Nilidhani mzee ananitania. Kumbe "luteni" asili yake ni naibu, kwa hiyo huyo ni naibu wa jenerali. Naye Meja Jenerali, katika jeshi la Uingereza la karne ya 17, aliitwa Sajini Meja Jenerali. Neno sajini likadondoka, nafasi yake ya tatu, chini ya Jenerali na Luteni Jenerali, ikabaki.

Ukikwama, sema "Afande". Neno hilo lilikuja na askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, na zamani lilikuwa cheo kamili: Idi Amin alikuwa afande mwaka 1959, kabla ya kuwa Luteni mwaka 1961. (Kufika 1975 alikuwa amejivika Ufildimasho, cheo cha juu kuliko Jenerali, lakini huyo hatumpangii kiti.)

Wawili wakilingana cheo, aliyepandishwa kwanza ndiye hutangulia. Usimuulize mwenyewe, muulize dereva wake, taratibu, kabla shughuli haijaanza. Madereva wanajua kila kitu.

Na kikaratasi chenye vifupisho mimi sikipokei tena. Namrudishia mwenye shughuli aandike cheo kizima, hata kama bibi harusi yuko mlangoni.