Postidoki Sweden: ukitafuta ufadhili utapitwa na ajira

"Kaka, nitumie fursa za ufadhili wa postidoki Sweden." Ujumbe wa namna hii huniingia WhatsApp karibu kila mwezi, na tatizo ni hilo neno ufadhili. Kule postidoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD, kwa kawaida ni kazi ya mshahara. Vyuo vingi ni taasisi za serikali, kwa hiyo nafasi hutangazwa hadharani kama ajira yoyote ya umma: namba ya kumbukumbu, siku ya mwisho, sifa za mwombaji, mara nyingi hata mawasiliano ya vyama vya wafanyakazi. Mkataba ni miaka miwili hadi mitatu, na kodi inakatwa.

Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Baada ya PhD ya kemia niliandika barua moja ndefu nikawatumia maprofesa zaidi ya thelathini: "Niko tayari kufanya utafiti wowote." Nikajibiwa na wawili, wote wakinitakia kila la heri.

Kilichonifungua macho ni kukataliwa. Sweden, maombi ya kazi kwenye chuo cha serikali ni nyaraka za umma. Nilipokosa nafasi moja niliyoitamani sana, nilimwandikia msajili wa chuo, nikataja namba ya kumbukumbu, nikaomba kuona maombi ya aliyeipata. Yakaja kwa barua pepe, wala sikuulizwa mimi nani. Barua yake haikufika kurasa mbili. Tangazo lilitaka uzoefu wa kupima metali kwenye maji. Aya yake ya kwanza ilikuwa inahusu hilo, mashine gani, sampuli ngapi. Walitaka mtu wa kuandika programu kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Aya ya pili ikawa hiyo. Yangu ilianza na shule ya msingi.

Tangu hapo naliweka tangazo kushoto na barua kulia, kila sifa ijibiwe kwa ushahidi mmoja. Kabla ya kuomba namwandikia profesa mistari minne, nikiuliza swali moja linalotokana na makala yake. Ukiuliza tu "kuna nafasi?" umejipanga foleni na wengine mia.

Matangazo yapo kwenye tovuti za vyuo vyenyewe, Lund, Uppsala, KTH (chuo cha teknolojia cha Stockholm), Umeå na vinginevyo. Tafuta maneno *Lediga jobb*, yaani nafasi za kazi. Ya sayansi mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Euraxess, tovuti ya Ulaya ya ajira za watafiti, nayo inasaidia.

Angalia saa yako pia. Kwa kawaida wanatanguliza mwenye PhD isiyozidi miaka mitatu hadi siku ya mwisho ya maombi. Likizo ya uzazi au ugonjwa huongeza muda huo, ila uandike mwenyewe. Dada mmoja niliyesoma naye alinyamaza kuhusu watoto wake wawili akidhani ni udhaifu, kumbe ndio waliokuwa wanamwokoa.

Ukiambiwa malipo ni stipendi, yaani posho badala ya mshahara, uliza maswali kabla ya kushangilia. Haikatwi kodi, kweli, lakini haikuwekei pensheni, na bima ya ugonjwa au uzazi si ile ya mwajiriwa.

Na Julai usimwandikie mtu. Nilijaribu. Jibu la kompyuta likasema profesa yuko likizo hadi katikati ya Agosti; nikaandika kwa msaidizi wake, nikapata jibu lilelile.