Mchezaji wako akisema ameumia, muamini

Mashabiki tuna ugonjwa mmoja, tunaamini damu tu. Mchezaji akipasuka kichwa akafungwa bandeji akarudi uwanjani jezi imelowa nyekundu, huyo ni mwamba, picha yake tunaiweka profaili, ila mwenzake akishika nyuma ya paja akakaa chini akapunga mkono benchi wamtoe, hapo maneno yanaanza, ooh huyu kaumbwa kwa kioo, ooh anajitunzia mkataba mpya, ooh hana mapenzi na timu. Mimi mpira naushabikia tangu mtoto na nimecheza winga miaka kadhaa kwenye timu ya daraja la chini, kwa hiyo hii kitu nimeiona nikiwa jukwaani na nimeiona nikiwa chumba cha kubadilishia nguo, na shabiki mwenzangu nakwambia jeraha usiloliona ndio la kuliogopa.

Chukua Terry Butcher, beki wa Uingereza. Septemba 1989, Stockholm, Uingereza inacheza na Sweden kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, jamaa kapasuka kwenye paji la uso, akashonwa, akafungwa bandeji, akarudi kupiga vichwa mpaka jezi nyeupe ikawa nyekundu kifuani. Mechi iliisha 0-0 na ile picha yake mpaka leo inazunguka kila mtu akitaka kuonyesha maana ya kujituma. Sawa, alijituma, simnyimi sifa zake. Lakini angalia kitu kimoja, kidonda cha ngozi kinatisha kwa macho ila miguu ilikuwa mizima, kukimbia anakimbia, kuruka anaruka, kukaba anakaba. Na siku hizi hata asingeruhusiwa kuendelea vile, sheria inamtaka mchezaji anayetoka damu atoke nje mpaka izuiwe, na jezi yenye damu abadilishe.

Sasa geuza upande wa pili. Januari 2011 kule Marekani, kwenye mpira wao ule wa kushika kwa mikono, Jay Cutler, mrusha mpira wa Chicago Bears, alitoka kwenye mechi dhidi ya Green Bay Packers, mechi ambayo mshindi anaenda Super Bowl, ile fainali ya ligi yao. Hakuna damu, hakuna machela, kamera zikamuonyesha amesimama pembeni, mara anapanda baiskeli ya mazoezi kujaribu goti, sura yake haionyeshi chochote. Timu ikafungwa 21-14. Mashabiki wa timu yake mwenyewe wakachoma jezi zake moto, na wachezaji wa timu nyingine wakaingia mtandaoni kumcheka kwamba amekimbia vita. Kesho yake vipimo vikatoka, ligamenti ya ndani ya goti, ile kano inayoshika mifupa, imechanika kiasi. Yaani mtu goti limelegea, na kazi yake ni kusimama imara watu wenye kilo mia na kitu wanamkimbilia wamuangushe, halafu tunataka aendelee ili tuone sura yake ikikunjamana. Kosa lake lilikuwa kutolia mbele ya kamera, basi.

Najua utaniambia wapo wanaojiangusha. Wapo, wengi tu, na wao ndio wametuharibia imani. Ila kuwatofautisha sio kazi ngumu ukizoea kuangalia. Anayejiangusha anaanguka penye mtu na refa yupo karibu, anabiringika, halafu jicho moja linachungulia kama filimbi imepigwa. Wa msuli wa nyuma ya paja anakuwa peke yake, kwenye mbio, hakuna aliyemgusa, ghafla hatua zinakatika na mkono unaenda nyuma ya paja wenyewe kabla hata hajasimama. Wa ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi mguu umekita chini mwili ukageuka, na wengi wanasema walisikia kitu kimelia ndani ya goti. Ukiona hizo mbili usisubiri taarifa ya klabu, tayari ni shida.

Ngoja niwape la kwetu. Tulikuwa na beki wa kulia, mtu wa kazi, hapendi kukaa nje. Enka yake ilikuwa imevimba mpaka kile kifundo hakionekani, kiatu kinaingia kwa kulegeza kamba zote. Ilikuwa mechi ya kubaki daraja, mashabiki wiki nzima wanaimba jina lake, viongozi wanapita pita kambini, kocha hamwambii cheza lakini kila saa anamuuliza unajionaje. Unajua lile swali, unajionaje, linaulizwa na mtu ambaye ameshabeba jibu lake mfukoni. Akapigwa sindano ya ganzi, nimekaa pembeni yake namuona kaziba mdomo na taulo, baada ya dakika chache anagongagonga ile enka kwa kidole anacheka, anasema haisikii kitu kabisa. Ndio ukawa msala wenyewe. Mguu usiousikia hauwezi kukwambia umekanyaga wapi. Winga wa wapinzani akamsoma mapema tu, kila mpira anaupeleka upande wake, anamgeuza kulia, jamaa kugeuka hawezi, tukapigwa goli mbili kutokea upande uleule kabla ya mapumziko. Na yule dogo mzima wa miguu miwili aliyekuwa na namba yake yupo benchi kavaa bibu. Mechi imeisha, ganzi ikaanza kuondoka, ngazi za kutokea uwanjani alishushwa na watu wawili. Msimu uliofuata hakucheza hata nusu ya mechi, na mashabiki walewale wakawa wanasema kachoka yule, auzwe.

Hapo ndipo ninapowauliza, nani alisaidika? Maana sisi tunalichukulia suala hili kama la moyo, kwamba mwenye moyo anacheza, wakati ukiliangalia vizuri ni hesabu ya timu. Mtu mwenye asilimia 60 ya mbio zake amekaa kwenye nafasi ya mtu mwenye mia.

Na sio daraja la chini tu. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2014, Lisbon, Atletico Madrid na Real Madrid. Diego Costa, straika wa Atletico, wiki moja kabla alitoka mapema kwenye mechi ya ubingwa pale Barcelona kwa msuli wa paja, ikawa kampeni ya dunia nzima, akapelekwa mpaka Belgrade kutibiwa kwa kondo la farasi, ndio, kondo la nyuma la farasi, sitanii. Akaanza fainali. Dakika ya 9 yupo nje. Wengi wanakumbuka ile dakika 9 wanacheka, lakini uchungu wa stori upo mbele. Simeone, kocha wa Atletico, keshatumia sub moja bure, yaani nafasi ya kubadilisha mchezaji, na enzi hizo sub ni tatu tu. Ramos wa Real akasawazisha dakika ya 93, zikaja dakika 30 za nyongeza, Juanfran, beki wa Atletico, anachechemea upande wa kulia na hakuna wa kumuingiza, sub zimeisha. Real wakashinda 4-1. Sisemi Atletico wangeshinda kama Costa angekaa nje, Ramos angeruka tu lile kichwa, ila miguu mipya ya mtu mmoja kwenye zile dakika 30 wangeilipia pesa yoyote.

Zamani angalau walikuwa na sababu. Bert Trautmann, kipa wa Manchester City, fainali ya Kombe la FA 1956 alidaka mpaka mwisho na shingo imevunjika, picha ya eksirei ilipigwa siku kadhaa baada ya mechi ndio ikajulikana. Beckenbauer 1970 kule Mexico, nusu fainali na Italia, bega limetoka, akacheza mkono umefungwa kifuani. Sasa kwenye mechi ya Trautmann sub ilikuwa haipo kabisa kwenye sheria, na Ujerumani ya Beckenbauer walikuwa wameshamaliza mbili zao. Ukitoka timu inabaki pungufu. Leo timu ina sub 5 na benchi limejaa watu wanaolipwa mishahara, halafu bado tunataka watu wacheze kama ni 1956.

Kichwa sasa. Hapa sina mjadala na mtu na wewe pia usiwe nao. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwa dakika ya 17 akaendelea kama robo saa hivi, na refa Nicola Rizzoli alisimulia baadae kwamba kijana alimfuata kumuuliza hii ni fainali? Mtu yupo Maracanã, ndani ya fainali ya dunia, na hajui yupo wapi, na jukwaani na kwenye tivii sisi tunaona tu namba ipo uwanjani inatembea. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Cameroon Januari 2022, Sadio Mané wa Senegal aligongana kichwa na kipa wa Cape Verde, akalala, akanyanyuka, akaendelea na akafunga goli, dakika chache mbele akakaa chini tena ndio akatolewa na kwenda hospitali. Senegal wakabeba kombe mwaka ule kwa hiyo ile habari ilipita kishujaa tu. Bahati ilikuwa upande wake. Ubongo uliotikiswa ukipata kishindo cha pili kabla haujatulia mtu anaweza kufa, na mwenye mtikisiko hawezi kujipima mwenyewe kwa sababu kile anachojipimia ndicho kilichoumia. Kwa hiyo daktari akimtoa mtu wako kwa kichwa, hata kama ni straika wako na ni dakika ya 5 ya fainali, usimzomee daktari. Kwanza siku hizi mashindano mengi yana sub ya ziada ya mtikisiko wa ubongo, timu haipotezi kitu.

Halafu kuna vidonge, hivi havionekani kabisa. Jiří Dvořák alipokuwa daktari mkuu wa FIFA alitoa takwimu za Kombe la Dunia 2010, asilimia 39 ya wachezaji walikuwa wanameza dawa za maumivu kabla ya kila mechi. Kila mechi! Dawa hizi ukizimeza kila siku zinakula tumbo na zinachosha figo, na maumivu yenyewe ndio alamu ya mwili, umeizima na moto bado unawaka. Gabriel Batistuta, yule Batigol wa Fiorentina, baada ya kustaafu enka zilimuuma mpaka akamuomba daktari amkate miguu, na amesimulia mwenyewe hadharani kwamba kuna usiku alikojoa kitandani huku choo kipo hatua chache tu, kwa kuogopa kukanyaga chini. Yale magoli tuliyashangilia sisi, ile miguu kaondoka nayo yeye.

Kwa hiyo mimi kwenye grupu letu la mashabiki nina utaratibu wangu, na baadhi wameushika. Taarifa ikija fulani nje wiki sita, sianzi na kwa nini, naanza na nani anaingia, kwa sababu huyo anayeingia ndiye anahitaji jina lake liimbwe wiki hii. Ukiendelea kumlilia aliyeumia, yule dogo anaingia uwanjani anasikia jina la mtu mwingine. Pili, sisambazi zile habari za atawahi mechi ya watani, hizo zinapandishwa na watu wa klabu wenyewe wakati mwingine ili tiketi zitoke, na presha inayotengenezwa pale inamfikia mchezaji, msidhani hawasomi, wanasoma kila kitu mpaka komenti za saa nane usiku. Tatu, mtu akianza habari za mapenzi na timu namuuliza swali moja tu, yeye mwenyewe akiteguka mgongo kazini huwa anabeba mizigo? Mara nyingi anabadilisha mada.

Uaminifu wa shabiki nauelewa, nimelia kwa ajili ya timu, sio siri. Lakini ule ni wa kwako wewe na timu, goti la mtu halimo. Falcao, straika wa Colombia, alichana ligamenti ya goti Januari 2014, Colombia nzima inamsubiri, na kocha José Pékerman mwisho akamuacha nje ya kikosi cha Kombe la Dunia. Watu walilia. Kisha James Rodríguez akafunga magoli 6, akawa mfungaji bora, wakafika robo fainali kwa mara ya kwanza kwenye historia yao.

La mwisho ni pale anaporudi. Hapa ndipo mashabiki wengi waliovumilia miezi yote wanaharibu. Ronaldo, yule Mbrazili, akiwa Inter Milan alirudi Aprili 2000 baada ya miezi kama mitano nje kwa goti, akaingia kutokea benchi fainali ya Coppa Italia dhidi ya Lazio, dakika kama sita hivi, mguu uleule ukaachia hakuna aliyemgusa, akakosa msimu mzima uliofuata. Msuli wa paja nao hivyohivyo, unapenda sana kurudia mwezi ule wa kwanza. Mtu wako akirudi atapoteza mipira, atachelewa hatua moja, pasi ya kumuacha beki atairudisha nyuma kwa kipa, anausikilizia mguu tu. Kocha akimtoa dakika ya 60 wakati timu inatafuta goli usianze kuzomea benchi, dakika 60 zilipangwa tangu asubuhi na fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, na wiki ijayo zitakuwa 75.